Kidirisha cha Bwana Sila

Wiki mbili baada ya kumzika Fundi Zakaria, binti yake alinijia kazini na bati la biskuti, akaliweka juu ya meza yangu na kusema kwamba baba yake aliliandika jina langu kwenye kifuniko, kwa hiyo ni langu, na yeye hataki maneno mengi. Nilimtengenezea chai, tukazungumza habari za mazishi, akaenda zake. Ndani ya bati mlikuwa na koleo mbili ndogo, kioo cha kukuzia chenye ufa, na kamera. Niliijua kabla sijaifikisha kwenye mwanga, kwa uzito wake tu. Ilikuwa ya Bwana Sila, mpiga picha wa mitaa yetu, ambaye alimwachia Fundi kamera hiyo alipostaafu. Nilifungua skrubu tatu, nikakiinua kifuniko cha juu na kukigeuza. Kwa ndani, karibu na ukingo, palikuwa na herufi R iliyokwaruzwa kwa ncha ya sindano. Mguu mmoja wa herufi hiyo umeteleza. Nikakielekeza kile kidirisha cha kulengea kwenye taa. Kilikuwa safi kama maji yaliyolala mtungini. Ni miaka zaidi ya ishirini na mitano sasa, na gundi niliyoipaka nikiwa na umri wa miaka kumi na tisa ilikuwa bado imekishika.

Mambo ya kwetu kabla ya mwaka ule sitayasimulia. Yanafanana na ya watu wengi, na waliokuwemo wamelala. Yatosha kusema kwamba ilipofika katikati ya miaka ya tisini tulikuwa wanne katika chumba kimoja cha Maringo: mimi, Wycliffe aliyekuwa kidato cha kwanza, Tabitha, na Dorika, kitinda mimba, ambaye alikuwa hajang'oa hata jino la kwanza. Mimi nilikuwa nimeacha shule kidato cha pili. Chumba kilikuwa na kitanda kimoja, pazia la maua lililokigawa, jiko la makaa mlangoni, na ukutani msumari mmoja usio na kitu, kwa kuwa picha iliyoning'inia hapo ilikwenda kaburini pamoja na mama. Siku ya mazishi Baba Mdogo, mwalimu wa shule ya msingi huko Kakamega, aliniita kando ya boma la ng'ombe. Akasema ukoo umekubali nikae na wadogo zangu mpaka Desemba. Desemba angekuja Nairobi mwenyewe. Akinikuta na kazi ya kueleweka, tungezungumza. Asiponikuta nayo, Wycliffe angekwenda kwake, Tabitha kwa shangazi Webuye, na Dorika kwa nyanya. Hakusema kwa ubaya. Alinishika bega akaniambia, "Rasoa, hata ng'ombe hawaachiwi mtoto mmoja awachunge wote." Nimeyafikiria maneno hayo mara nyingi, na hata leo sioni kosa ndani yake, ila kwamba mimi sikuwa mtoto, na wao hawakuwa ng'ombe.

Kazi niliyokuwa nayo haikueleweka kwa mtu yeyote. Nilikuwa nikifagia karakana ya Fundi Zakaria huko Makongeni, kwenye nyumba za reli. Fundi alikuwa ametumikia reli maisha yake yote akitengeneza saa za stesheni na mita za mvuke, na baada ya kustaafu akageuza sebule yake kuwa mahali pa kutengeneza saa na kamera. Meza yake iliwekwa chini ya dirisha la mashariki na kutandikwa shuka jeupe, ili skrubu ikidondoka ionekane. Alikuwa na sheria zake. Kamera ikiwa wazi, redio inazimwa. Siku ya kushika vioo hakuna dagaa wa omena wala matumbo katika nyumba hiyo, kwa sababu mafuta ya chakula hukaa kwenye vidole hata ukinawa mara tatu. Siku hizo tulikula viazi vitamu vya kuchemsha, kwa uma, kama wageni wa hotelini, na mkewe alinung'unika jikoni kwamba aliolewa na mwanamume, si na kioo. Na kulikuwa na sheria ya alama. Kila fundi aliyefungua kamera aliacha alama yake kwa ndani, pale ambapo mwenye kamera hataiona lakini fundi atakayefuata ataiona. Fundi alipofungua kamera ya zamani alikuwa akisoma zile alama kwanza, kama mtu anayesoma majina makaburini, na kusema huyu alikuwa mtu makini, huyu alikuwa na haraka. Mimi sikuruhusiwa kuacha alama. Kufikia Machi alikuwa ameniachia nisafishe lenzi, kwa kuwa vidole vyangu vilikuwa vyembamba na sikuwa mtu wa haraka. Hivyo ndivyo alivyoamini.

Siku moja mwezi huo Fundi alikuwa amesafiri kwao, na Bwana Sila akaingia akihema. Watu walimwita Picha Moja, maana hakuwahi kurudia kupiga. Ukifumba jicho, umefumba milele. Kamera yake ilikuwa ya kizamani, ile ambayo kidirisha cha kulengea kiko peke yake juu, mbali na lenzi. Ilikuwa imeanguka na kile kidirisha kikabanduka, na kesho yake alikuwa na harusi mtaa wa Bahati. Ningemwambia angoje. Badala yake nilikimbia kioskini nikanunua supaglu, nikapaka tone kwenye ukingo, nikakibandika, na kabla hatujamaliza kusalimiana kilikuwa kimeshika. Nilikifunga kifuniko papo hapo. Bwana Sila alinisifu mpaka nikaona haya. Sikujua kwamba supaglu, ikikauka mahali palipofungwa, hutoa mvuke, na mvuke huo ukikutana na kioo hutulia juu yake kama pumzi ya mtu asubuhi ya baridi, ila pumzi hiyo haiondoki. Bwana Sila alilenga kupitia ukungu huo mchana kutwa. Bibi harusi alitoka vizuri. Mama yake, katika picha zote, alikuwa kitenge, mkoba na mikono miwili, na juu ya shingo hakuna kitu.

Habari zilifika Makongeni kabla ya picha zenyewe. Nilikuwa nasugua meza nikawasikia akina mama bombani, chini ya dirisha, wakisimuliana. Mmoja alisema yule mama amelia siku mbili, kwamba amekatwa kichwa mbele ya wakwe. Mwingine akasema afadhali, maana na lile kofia lake. Wakacheka mpaka ndoo zikafurika. Vijana wa stendi wakamvua Bwana Sila jina la Picha Moja wakamvika jingine. Kila alipopita walimwita, "Niaje, Kata Kichwa!" na mmoja wao alishika shingo yake kwa mikono miwili kana kwamba inataka kuanguka. Fundi aliporudi alikifungua kifuniko na kukitazama kidirisha kwa muda mrefu. Aliniuliza kama ni mimi niliyekibandika. Nikakubali. Aliufuta ule ukungu kwa kitambaa na dawa ya meno, polepole, hadi chai yake ikapoa, kisha akasema neno ambalo nimewaambia mafundi wote waliowahi kukaa mezani kwangu.

"Wewe umeuliza gundi kama inashika. Hukuuliza kama kioo kitaendelea kuona."

Hakunifukuza. Alikizuia kidirisha kwa kipande cha plasta ya kidonda, akampa Bwana Sila kamera yake, akamwambia atumie hivyo hivyo mpaka mimi nitakapompatia gundi inayofaa. Mimi, si yeye. Akaongeza, bila kunitazama, kwamba nikikosea mara ya pili nitafute ufagio kwingine. Bwana Sila alizunguka na plasta hiyo karibu mwaka mzima, na vijana wakamuuliza kamera imelazwa kliniki gani.

Sasa nilikuwa na mambo mawili yaliyofungwa pamoja, na sikulala nikiyatenganisha. Bila gundi hakuna kazi. Bila kazi, Desemba kila mtoto na njia yake. Kwa hiyo nilianza kutafuta, kwa njia niliyoweza. Muuza vioo wa Gikomba aliniruhusu kuokota vipande vilivyomwagika chini ya meza yake. Fundi alinipa vipande vya shaba. Nyumbani nilibandika kioo juu ya shaba kwa kila gundi niliyosikia ikitajwa, na Tabitha, ambaye mwandiko wake ulikuwa kama wa vitabu, akaandika jina la kila moja kwa wino. Tukavitia ndani ya kopo la maziwa ya unga tukalifunga. Mchana Wycliffe akitoka shule alilipandisha juu ya bati la choo, ambapo jua lingeweza kukaanga yai. Jumamosi, githeri ya mahindi na maharagwe ikiwa jikoni, Dorika alikuwa na kazi ya kulishika kopo wazi juu ya mvuke na kuhesabu mpaka mia, naye alikuwa hajui namba zaidi ya thelathini, basi alizirudia. Jirani mmoja alifika mlangoni kuuliza kama tunapika dawa au tunapika pombe ya chang'aa, maana anataka kujua wa kumwita.

Supaglu ilitia ukungu tena, kwenye jua na kwenye kivuli. Gundi ya viatu ilishika vizuri lakini ilivutika kama mrenda, na baada ya wiki ya jua ikawa rangi ya chai. Rangi ya kucha, ile nyangavu isiyo na rangi, ilikauka ikajikunja na kujibandua yenyewe. Gundi nyeupe ya maseremala ilinifurahisha kwa mwezi mzima, maana ilikauka ikawa haionekani, mpaka siku ya mvuke wa githeri ilipogeuka maziwa tena. Ikabaki ile ya mirija miwili, unayochanganya kwa kijiti. Hiyo haikutoa ukungu, haikubadilika rangi, haikuogopa mvuke. Nilimpelekea Fundi nikiwa na furaha. Akanipa kisu chembamba akaniambia niitoe. Nilijaribu kwa kisu, kwa maji ya moto, kwa spiriti. Mwishowe kioo kikavunjika vipande vitatu na shaba ikabaki na gundi yake. Fundi akaniuliza vumbi likiingia nyuma ya kidirisha baada ya miaka mitano, yule atakayefungua afanye nini. Alisema gundi hiyo ni ya mtu anayedhani yeye ndiye fundi wa mwisho duniani.

Ilikuwa Oktoba nilipokwenda Gikomba kuokota vioo nikasimama kwa seremala mmoja aliyekuwa akisugua kabati kwa tambara lililofungwa kama yai. Kila alipopitisha tambara mbao iliwaka. Nilimuuliza anapaka nini. Alinionyesha mkebe wenye vipande vyembamba vya rangi ya asali, kama magamba ya samaki, akasema ni shelaki. Unailoweka kwenye spiriti usiku mmoja, inayeyuka. "Lakini hii ni ya wazee, siste," akasema. "Watu wa siku hizi wanataka kitu ikauke kabla wamalize soda." Nikamuuliza kwa nini yeye anaitumia. Alichukua kiti cha zamani kilichobandikwa utepe wa mbao nyeusi ukingoni, akadondosha spiriti, akangoja kama dakika mbili, akauinua utepe kwa kucha ukatoka mzima.

"Umeona? Hii haina kinyongo. Ukiiomba, inaachia."

Alinifungia magamba kiasi cha kiganja ndani ya gazeti na kukataa nimpe chochote, ila nimletee jibu. Jibu lilikuwa ndani ya kopo letu kufikia katikati ya Novemba. Hakuna ukungu. Hakuna maziwa. Rangi yake ya asali ilibaki ukingoni ambako jicho halifiki. Kosa lake lilikuwa moja, uvivu: ilihitaji siku tatu kukauka, na kifuniko kiachwe wazi muda wote huo.

Barua ya Baba Mdogo ilifika ikisema atakuja Jumapili ya kwanza ya Desemba. Jumatatu ya wiki hiyo hiyo Bwana Sila akaja. Jumamosi kulikuwa na ubatizo mkubwa kanisani kwao, watoto wengi, na wachungaji wageni, na hakuwa tayari kuinua kamera yenye plasta mbele ya watu hao. Nilimwambia ataichukua Alhamisi jioni. Alimgeukia Fundi na kulalamika kwamba mwezi Machi msichana huyuhuyu alifanya kazi hiyo kwa dakika mbili. Fundi alikuwa anatia funguo saa ya mtu. Alisema tu, "Muulize mwenye kazi." Ilikuwa mara ya kwanza kuitwa hivyo. Nikasema tena, Alhamisi. Sitasema uongo: mirija miwili ilikuwa kwenye droo ya kushoto, na mkono wangu ulijua ilipo. Ingekauka kwa siku moja, kila mtu angefurahi, na Jumapili Baba Mdogo angenikuta nikiwa mtu wa kazi. Nani angefungua kamera hiyo baada ya miaka mitano, na angemlaumu nani? Lakini nilikuwa nimeshaona vile vipande vitatu. Nikainoa njiti ya kiberiti, nikaichovya kwenye shelaki nzito, nikaizungusha ukingoni mara moja tu, nikakiweka kidirisha, nikakifunika kwa glasi ya chai iliyopinduliwa ili vumbi lisifike, na kuiegemeza glasi kwenye skrubu ili hewa ipite.

Jumatano asubuhi nilichungulia nikaona nimekosea. Kidirisha kilikuwa kimelala upande, kidogo sana, kama kofia ya mlevi, na ukilenga mtu alionekana amesimama mteremkoni. Nilikaa nikitazama mikono yangu, halafu nikacheka peke yangu mpaka Fundi akainua kichwa. Kwa maana kama ningetumia mirija miwili, hapo ndipo ingekuwa mwisho wa kamera na mwisho wangu. Nilidondosha spiriti kwa manyoya ya kuku, nikangoja, nikakiinua kidirisha kikatoka kizima kama utepe wa yule seremala. Nikaanza upya. Kosa hilo lilinigharimu siku mbili. Nilimwendea Bwana Sila stendi, mbele ya wale vijana, nikamwambia ni Jumamosi asubuhi, si Alhamisi, na sababu ni yangu. Mmoja akashika shingo yake.

Jumamosi alikuja jua likichomoza, amevaa tai. Nilikwisha kukigusa kidirisha kwa ncha ya njiti kila upande, hakikutikisika. Kabla ya kufunga, Fundi aliniwekea sindano juu ya shuka jeupe na kwenda kusimama mlangoni, amenipa mgongo. Nikakwaruza ile R. Bwana Sila alilenga mlango, akamlenga Fundi, akanilenga mimi. Akaondoka, na sikujua kilichotokea kanisani mpaka siku iliyofuata.

Baba Mdogo alifika Jumapili saa sita. Tulimchinjia kuku, na alikula akiwa amekaa kitandani, kwa kuwa hatukuwa na kiti cha kumtosha. Aliposhiba aliyasema yale yale ya kando ya boma, kwa sauti ya chini, huku Dorika akiwa amelala mapajani pake. Aliniuliza kazi yangu ni nini hasa. Nikasema natengeneza kamera. Aliuliza nani anasema hivyo. Kisha akatueleza kwamba amewaomba watu wa kanisa wamletee mpiga picha, tupige picha moja tukiwa pamoja kabla ya safari ya Jumanne, ili watoto wasisahauliane. Kwa hiyo alikuwa ameshaamua. Tabitha aliinuka akaanza kuosha sahani zilizokuwa safi.

Hodi iliyopigwa ilikuwa ya Bwana Sila, tai shingoni, na nyuma yake Fundi Zakaria, ambaye sikuwahi kumwona Maringo kabla ya siku hiyo. Walikuwa wametoka kanisani. Tulisimama ukutani chini ya ule msumari, kwa kimo. Bwana Sila alitulenga, kisha akafanya jambo ambalo hakulifanya maishani mwake kabla wala baadaye. Aliivua kamera shingoni akampa Baba Mdogo. Akasema, "Mwalimu, tazama mwenyewe. Jana nimetazama hapo tangu ibada ya kwanza mpaka ya mwisho. Ni kazi ya huyu."

Baba Mdogo alivua miwani, akaweka jicho. Alitazama kwa muda ambao ungetosha sala fupi. Bila kuondoa jicho aliuliza kama gundi hiyo itadumu. Nikamwambia itadumu, na siku ikibidi kufunguliwa itafunguka bila kuvunja kioo. Aliuliza nilijuaje. Wycliffe akaanza kueleza habari za bati la choo, Dorika akaingilia na habari za mvuke na kuhesabu mpaka mia, Tabitha akamsahihisha kwamba ni thelathini mara tatu na kumi, na kwa muda wakawa wanasema wote pamoja. Fundi alisubiri wakamaliza. Akasema Januari nitakuwa na meza yangu chini ya dirisha la mashariki, na kwamba kamera hiyo ina alama yangu, na yeye hajawahi kumruhusu mtu atakayeondoka kesho aweke alama.

"Nawaona wote," Baba Mdogo akasema. "Wote wanne. Mpaka vichwa." Akaikamata kamera vizuri. "Basi kaeni hivyo hivyo."

Tulidhani anazungumzia picha. Akabonyeza. Aliposhusha kamera ndipo tukaona macho yake yamelowa, na Tabitha akaelewa kabla yangu, akaketi chini pale pale penye sahani. Jumanne alirudi Kakamega peke yake, na kuku wawili wa shukrani.

Picha hiyo ndiyo iliyopanda kwenye ule msumari, na leo iko juu ya meza yangu ya kazi. Krismasi iliyopita tulikuwa wanne tena mbele yake, wakubwa na mvi kichwani, tukicheka. Vichwa vyote vimo. Na pembeni, upande wa kulia, kuna kivuli kinene kimeziba robo ya picha: ni kidole cha Baba Mdogo, alichokiweka mbele ya lenzi. Kidirishani hakukiona, kwa sababu kwenye kamera ya namna ile kidirisha na lenzi ni macho mawili tofauti. Iliposafishwa, Bwana Sila alitaka kuirudia. Mimi nilikataa. Picha Moja, nikamwambia, na akanipa mkono.